Mkono Kwenye Kipandio cha Juu

Kila jioni, jua likianza kuteremka nyuma ya nyumba, ngazi ya chuma ilianza kulia. Tik, kipandio cha chini. Kimya kidogo. Tik, kipandio cha pili. Mlio ulipanda polepole hivyo hivyo, kama mtu mzima anayepanda huku anapumzika. Ukifika juu ulikoma, mbele ya mlango wa chumba cha marehemu.

Mama Kijacho aliusikia akiwa ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kijichumba chini ya ngazi hiyo hiyo. Kulikuwa na meza, kompyuta na kiti kimoja cha wageni. Nje, uani, mumewe alikuwa akichomelea. Watu walimwita Fundi Cheche kwa sababu ya cheche za kazi yake, na pia kwa sababu ya mdomo wake, maana kukaa kimya hakukujua. Mkewe walimwita Mama Kijacho tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Lilikuwa jina la utani, naye alilipenda.

"Umeisikia?" aliuliza kupitia dirishani.

"Nimeisikia," alisema Fundi. "Chuma kimeota jua mchana kutwa. Sasa kivuli kinapanda, chuma kinapoa na kusinyaa. Hata sufuria hulia ikiepuliwa motoni."

"Ulishaniambia."

"Sasa mbona unaniuliza kila siku, mke wangu?"

Alimuuliza kwa sababu kujua hakukumwondolea woga. Alipenda tu kusikia sauti ya mtu aliye hai wakati ule mlio ukipanda.

Mama mkwe wake alifariki katika chumba kile cha juu. Alikuwa mwanamke mkali. Mwanawe wa kiume alimpenda, binti yake alimpenda zaidi, na mkwe alimvumilia. Baada ya mazishi, Fundi aling'oa ngazi ya mbao iliyooza, akaweka vigae chumbani, akajenga ngazi mpya ya chuma upande wa uani. Mchoro wake ulitoka kwenye kompyuta ya mkewe, aliyekuwa akijifunza kuchora peke yake. Kisha wakahamia juu. Hapo ndipo watu walipoanza kuanguka.

Hawakuanguka ovyo. Wote walianguka pale pale, kipandio cha juu kabisa, hatua moja kabla ya mlango. Fundi bomba alijikwaa akiwa na mfuko wake wa zana, na zana zote zikashuka ngazi kabla yake. Jirani aliyeleta maziwa alijikwaa. Mama Kijacho mwenyewe alijikwaa na beseni la nguo, akaokolewa na reli ya kushikilia. Na kila mmoja alisema maneno yale yale: ni kama mguu umeshikwa.

Kisha akaanguka wifi yake, dada wa Fundi. Alipanda kwa kasi, kama alivyozoea kupanda kwa mama yake. Juu pale mguu ulikwama, akatanguliza mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Ajabu ni kwamba hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akautazama mlango.

"Mama amenishika mguu," alisema taratibu. "Nimeusikia mkono wake."

Mwili wa Mama Kijacho ulisisimka. Fundi hakutania; alikimbia kutafuta kitambaa cha kuufunga ule mkono.

Siku ile ile mtaa mzima ulikuwa na habari. Lisemwalo lipo, walisema watu, kama halipo laja. Wifi alirudi kwake na mkono umefungwa plasta. Kabla ya kuondoka alimvuta Mama Kijacho pembeni. "Wifi, chumba kile ni cha mama. Hataki mtu alale mle. Wewe na tumbo hilo utapanda mpaka lini?"

Swali hilo lilimganda kichwani. Kila alipopanda, alishika reli kwa mikono miwili. Alipofika kipandio cha juu alisimama, akanong'ona, "Shikamoo mama, naomba nipite." Akinyanyua mguu, tumbo lilikuwa zito. Hakuogopa kuumia yeye. Alimwogopea mtoto.

Fundi alileta tepu ya kupimia. Alipima vipandio vitatu vya chini, akasimama, akajipangusa mikono. "Sentimita kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba. Ngazi haina kosa. Nimefuata mchoro wako hadi nukta."

Mkewe alifurahi kwa sekunde moja. Kisha akawaza: kama ngazi haina kosa, basi kosa ni la nani? Jibu lililobaki hakulipenda.

*

Wiki hiyo alikuja jirani mmoja kuagiza madirisha ya chuma. Alikuwa mwalimu wa uchoraji wa mashine katika chuo cha ufundi. Walimwita Bi Rula, kwa kuwa hata meza ya mwenyeji wake angeipima kwa macho kabla ya kuweka kikombe.

"Shikamoo, Bi Rula."

"Marahaba, mwanangu. Nina madirisha manne. Hakuna linalolingana na mwenzake. Aliyeijenga nyumba yangu naona alikuwa akipima kwa matumaini."

Mama Kijacho alicheka, akaanza kuchora. Alichora dirisha la kwanza, nondo moja baada ya nyingine. Kila nondo aliipa kipimo chake kwa mkono. Akafuta. Akaanza la pili tangu mwanzo. Bi Rula alivumilia mpaka la tatu.

"Mwanangu, hilo dirisha unalichora mara ngapi?"

"Mara nne, Bi. Si yako manne?"

"Ni manne, lakini umbo ni moja. Yanatofautiana upana na kimo tu. Nipishe nikuonyeshe."

Alivuta kiti cha wageni. "Wewe unachora kama tulivyochora kwenye karatasi. Mstari ukishauweka, umekufa, haujui lolote. Programu hii inaweza zaidi ya hapo. Mistari yake inaweza kujuana. Chora fremu. Sasa usiandike namba tu. Kipe kipimo jina. Huu ni upana. Hiki ni kimo. Sasa nondo. Tunataka nafasi kati yake isizidi sentimita kumi, kichwa cha mtoto kisipite. Usimpe kila nondo namba. Mwambie: wewe na mwenzako mtagawana upana sawasawa."

Mama Kijacho aliandika kama alivyoambiwa. Mikono ilikuwa mizito, kwa kuwa alikuwa akiacha njia aliyoizoea.

"Sasa badilisha upana," alisema Bi Rula. "Upana tu. Kingine usikiguse."

Alibadilisha. Alipobonyeza, nondo zote zilihama kwa pamoja. Hakuzigusa, lakini zilijitenga, kila moja ikaacha nafasi iliyo sawa na ya mwenzake, zikatulia. Mama Kijacho aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeungua.

"Nani amezisogeza?"

"Wewe."

"Sijazigusa, Bi."

"Umegusa upana. Nondo zinaufuata upana kwa sababu umezifunga nao. Ukivuta kamba, ng'ombe anakuja. Hapo hakuna uchawi."

Lakini Mama Kijacho aliendelea kukitazama kioo cha kompyuta. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba vitu vinaweza kusogea pamoja kimya kimya namna ile bila mtu ndani yake. Alirudia. Zilibanana. Akarudia tena. Zilijitenga.

Bi Rula alirudi tena na tena kwa ajili ya madirisha yake, na kila alipokuja alifundisha kidogo. Haikuwa rahisi. Mara ya pili, Mama Kijacho alivuta nondo moja na kona ya mbali ya fremu ikahama yenyewe, dirisha likapinda kama mdomo wa mtu anayecheka.

"Bi, mimi sikuivuta kona hiyo."

"Hukuifunga pia. Mstari usiofungwa hutembea. Uambie mstari huu ulale sawa na sakafu, huu usimame wima, na kona hii isitoke hapa ilipo. Halafu jaribu kuivuta."

Aliifunga, akaivuta. Kona haikutikisika.

Mara nyingine mchoro wote uligeuka mwekundu. Alikuwa ameagiza nafasi iwe sentimita kumi, na nondo ziwe nane, na upana uwe mita moja.

"Nane kwenye mita moja zinaacha nafasi tisa," alisema Bi Rula. "Tisa mara kumi ni ngapi?"

"Tisini."

"Na wewe unataka mia. Umempa mtumishi mmoja amri mbili zinazogombana. Kipimo kimoja mwachie akitafute mwenyewe. Chagua ni kipi."

Alifikiri sana. "Nafasi. Idadi nitaipanga mimi. Nikiona nafasi imezidi kumi, naongeza nondo."

"Sawa. Na kabla hujampelekea fundi mchoro wowote, utese kwanza. Weka namba kubwa mno, weka ndogo mno. Uone utavunjikia wapi. Heri uvunjike kwenye kioo kuliko kwa mteja."

Madirisha ya Bi Rula yalitoka manne, na yote yakaingia mahali pake bila kukwanguliwa ukuta. Fundi alishangaa. Alisema sasa anamwogopa mkewe kuliko anavyoiogopa ngazi.

*

Mchana mmoja kazi ilikuwa haba. Mama Kijacho aliamua kufanya zoezi peke yake. Alitafuta kitu chenye sehemu nyingi zinazofanana, akawaza ngazi. Ngazi yao wenyewe, iliyokuwa juu ya kichwa chake.

Alianza upya. Aliweka jina la kwanza: kimo chote, yaani kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu. La pili: idadi ya vipandio. La tatu hakuliandikia namba. Aliandika kwamba kimo cha kipandio ni kimo chote kugawanywa kwa idadi. Halafu akachora kipandio kimoja tu, akaiambia programu ikirudie mpaka juu.

Alibonyeza. Ngazi ilijijenga mbele ya macho yake, kipandio baada ya kipandio, kutoka chini hadi juu, kwa mwendo ule ule wa mlio wa jioni. Nywele zilimsimama. Nje kulikuwa na jua kali na mumewe alikuwa akipiga mluzi, lakini ofisini alihisi baridi. Alikaa kwanza, akashusha pumzi, ndipo akaendelea.

Alichukua tepu, akatoka, akapima kimo chote kutoka ardhini hadi kwenye vigae vya juu. Akarudi, akaandika sentimita 276.8. Vipandio kumi na sita. Programu ikatoa jibu: kila kipandio sentimita 17.3.

Alikunja uso. Mumewe alipima kumi na saba, si kumi na saba nukta tatu. Tofauti ya nukta tatu ilikuwa ndogo, lakini namba hazikubaliani. Alifungua mchoro wa zamani, ule alioupanga kwa mkono wake, kipimo kimoja kimoja. Akabonyeza kipandio cha chini. Kumi na saba. Cha pili, kumi na saba. Alipanda hivyo hivyo kwa kipanya, na kadiri alivyopanda alibonyeza polepole zaidi, kwa sababu alijua anaelekea wapi. Kipandio cha kumi na tano, kumi na saba.

Cha juu kabisa kilikuwa ishirini na moja nukta nane.

Karibu sentimita tano zaidi ya vingine vyote.

Alikumbuka. Ngazi aliichora kabla vigae havijawekwa, ilipokuwa inagawanyika sawasawa. Kisha Fundi akamwita kutoka juu: "Mke wangu, saruji na vigae vimeinua sakafu, ongeza kidogo." Yeye alikuwa amechoka na shughuli za msiba. Alishika mstari wa juu, akauvuta mpaka ukagusa sakafu. Mmoja tu. Mingine haikujua, kwa kuwa haikufungwa pamoja. Ilibaki pale pale, kimya, na mchoro ukaonekana mzuri.

Alielewa yote kwa mara moja. Mtu anayepanda hatazami miguu. Mguu wenyewe hujifunza kimo kwenye vipandio vya chini, kisha hurudia. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba, na mwishoni kidole kinagonga chuma ambacho mguu haukutegemea. Kwa mtu anayepanda, hiyo ni kama kushikwa.

Aliuona mkono wenyewe pale kwenye kioo. Ulikuwa wake.

Alilia. Alilia kwa aibu, kwa sababu wifi yake alikuwa na plasta mkononi. Alilia pia kwa ahueni, na ahueni hiyo nayo ikamtia aibu. Fundi aliingia akiwa na miwani ya kuchomelea kichwani.

"Mtoto?" aliuliza, uso umembadilika.

"Mtoto mzima. Njoo uone nilichofanya."

Alimweleza yote. Fundi aliinama, akaitazama namba ya kipandio cha juu. Kisha akachukua tepu, akapanda mwenyewe mpaka juu. Alipima mara mbili. Aliposhuka, aliketi kwenye kiti cha wageni.

"Ishirini na moja nukta nane," alisema. "Na mimi nilipima vitatu vya chini nikatangaza ushindi. Mke wangu, kosa hili tunagawana sawasawa, kama zile nondo zako."

"Na dada yako?"

"Tutampigia."

Wifi hakupokea vizuri. Sauti yake kwenye simu ilikuwa nyembamba. "Mimi niliusikia mkono wa mama. Sasa nyinyi mnataka kumfukuza kwa kompyuta?"

"Wifi, nisamehe," alisema Mama Kijacho. "Ni mimi niliyekuangusha."

Simu ilikatika.

Hata hivyo kazi ilifanyika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mchoro mpya waliutesa kwanza, kama Bi Rula alivyofundisha. Waliinua sakafu kwenye kioo, wakaishusha, wakazidisha vipandio, wakapunguza. Kila mara ngazi ilijipanga upya, na vyote vikabaki sawa. Ndipo Fundi alipokata vipandio vyote na kuvichomelea upya kwenye kimo kipya. Hakukipima cha chini tu. Alivipima vyote, na mkewe akavipima tena nyuma yake. Siku hizo walilala ofisini, kichwa cha mmoja chini ya meza.

Tangu ngazi mpya isimame, hakuna aliyeanguka. Lakini jambo moja liliwashangaza. Kila aliyeizoea ngazi ya kwanza, akifika juu, alinyanyua mguu kupita kiasi. Fundi alifanya hivyo. Mama Kijacho alifanya hivyo. Mguu ulikwenda juu, ukavuka mahali patupu, ukashuka kwa kishindo. Ukiwatazama kutoka uani, ungedhani wanamruka mtu aliyelala mlangoni. Jirani mmoja aliyewaona aliharakisha nyumbani kwake bila kuaga. Bi Rula alisema ni mazoea ya miguu tu, yataisha, na kweli yalianza kuisha.

*

Mtoto alizaliwa salama. Ndipo wifi alipokuja, plasta imeshaondolewa, mkono bado mwembamba. Alisalimia kwa heshima, kama mgeni. Fundi hakuwepo; alikuwa kwa mteja. Mama Kijacho alitangulia juu akiwa na mtoto, akasimama mlangoni kumsubiri.

Wifi alipanda polepole. Kabla ya kipandio cha juu alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetarajia kitu. Alinyanyua mguu juu sana. Ukavuka patupu. Ukatua kwenye kigae, kwa nguvu.

Hakusonga. Alitazama chini, nyuma ya kisigino chake.

"Hajanishika," alisema.

"Hakuna wa kukushika, wifi."

"Najua. Kaka alinieleza yote. Hesabu nimeielewa." Alishika reli. "Lakini tangu tumzike, wifi, hakunijia hata ndotoni. Ni hapa tu aliponigusa. Niliumia nikafurahi. Sasa hata hapa hayupo."

Akaketi pale pale sakafuni, akalia, kilio ambacho hakukilia msibani.  Mama Kijacho alikuwa ameogopa mkono ule kwa miezi, naye mwenzake alikuwa akiungojea. Aliketi kando yake. Wakakaa hivyo bega kwa bega, mtoto katikati, mpaka kilio kikapungua.

Mtoto alipoanza kulialia, wifi alijifuta macho kwa kanga. "Chumba kina joto. Nipe nimpeleke uani apate hewa."

Mama Kijacho alitazama ngazi, akatazama ule mkono mwembamba. Kisha akampa mtoto.

Wifi alimlaza kifuani, akamfunika, akaanza kushuka. Alimwambia habari za bibi yake, jinsi alivyokuwa mkali na jinsi alivyoimba vibaya. Macho yake yalikuwa usoni mwa mtoto, na hakuitazama miguu yake hata mara moja mpaka walipofika chini.